Tuhesabu Pamoja, Tusihesabiane

Hebu tuanze na jaribio dogo, msomaji wangu. Leo jioni, mkiwa mmekaa watu sita au saba, waambie wenzako mhesabu kuanzia moja mpaka ishirini. Mtu yeyote anaruhusiwa kutaja namba inayofuata, wakati wowote anaotaka. Masharti ni machache: hakuna kupangiana zamu, hakuna kunyoosheana vidole, hakuna kukonyezana. Wawili wakitaja namba moja kwa wakati mmoja, mmeungua. Mnarudi kwenye moja.

Rahisi, si ndiyo? Ngoja uone. Mtu atasema "moja" kwa kujiamini kabisa, halafu watatu watapiga kelele "mbili!" kwa pamoja. Mtaanza upya. Safari hii kila mtu atamwogopa mwenzake, kimya kitatawala, mtaangaliana kama watu walioitwa kwa mkuu wa shule. Kisha wawili watachoka kusubiri na kusema "moja!" sekunde ile ile. Kuvuka saba tu ni kazi.

Wasanii wa maigizo wanaufahamu sana mchezo huu. Vikundi vingi vya sanaa za jukwaani duniani huutumia kama zoezi la umakini kabla ya mazoezi au kabla ya kupanda jukwaani. Hautumii karata, hautumii ubao, hauhitaji hata hela ya vocha. Unahitaji masikio tu. Na hapo ndipo wengi wetu tunapofeli, hasa sisi tulio kwenye mapenzi na ndoa, tunaojiona tunamjua mwenzetu kama kiganja cha mkono.

NAMBA ILIYOBAKI MDOMONI

Niliuona mchezo huu ukifanya kazi yake Jumamosi moja, nyumbani kwa marafiki zangu. Tulikuwa wanane, wengi wetu wawili wawili, chakula kimeshaliwa, na umeme ulikuwa umekatika. Televisheni imezima, muziki hakuna, simu zimebakiwa na chaji ya kupimia. Mwenyeji wetu akasema tuhesabu.

Miongoni mwetu walikuwepo wachumba ambao harusi yao ilikuwa imebakiza miezi mitatu. (Wameniruhusu niandike habari yao mradi nisitaje majina.) Jamaa ni mchangamfu, mwenye maneno, mtu wa kupanga mambo. Mwenzake ni mpole kiasi, lakini siyo mtu wa kukaa kimya kupita kiasi. Basi bwana, tukahesabu. Tukaungua. Tukahesabu. Tukaungua. Baada ya kuungua kama mara kumi hivi, mmoja wetu akagundua jambo: yule kaka alikuwa ametaja namba karibu katika kila raundi, na yule dada hakuwa ametaja hata moja.

"Wewe shemeji mbona huchezi?" mtu akauliza.

"Nacheza," akajibu. "Kila mara nilikuwa na namba mdomoni. Ila nilijua atanitangulia."

Watu walicheka. Jamaa naye alicheka, halafu akanyamaza. Raundi iliyofuata hakufungua mdomo kabisa, na dada alitaja tano, tisa na kumi na nne. Tulifika kumi na saba kabla ya kuungua. Ndiyo ilikuwa rekodi yetu ya usiku ule.

Sitakudanganya kwamba mchezo wa dakika ishirini uliwatibu. Dada aliniambia baadaye kuwa siku nyingi kabla ya hapo alikuwa na daftari dogo. Humo aliandika kila jambo ambalo mchumba wake aliliamua bila kumuuliza: ukumbi, rangi ya harusi, mwenyekiti wa kamati, nyumba ya kupanga, hata kiwanja. Alikuwa amefika kumi na nne. Alijiwekea kwamba ikifika ishirini, anavunja uchumba. Jamaa hakuwa na habari kuwa anahesabiwa.

Fikiria hilo, msomaji wangu. Watu wawili chini ya mwavuli mmoja, mmoja anahesabu kimya kimya kuelekea ishirini, mwenzake hajui hata kama kuna mchezo unaoendelea.

WAKOREA NA SANAA YA KUSOMA HEWA

Kuna watu ambao mchezo wa kuhesabu kwao ni sehemu kamili ya maisha ya ujana. Wewe mpenzi wa tamthilia za Korea Kusini bila shaka umewahi kuona vijana wamekaa duara, wanapiga makofi, wanataja namba, halafu mmoja anakosea na wote wanamzomea kwa furaha. Ile siyo michezo ya kutunga kwa ajili ya kamera. Wanafunzi wa vyuo na wafanyakazi wa maofisini huicheza kweli, hasa wakiwa kwenye safari za pamoja au wakipata kinywaji baada ya kazi.

Mmoja unaitwa mchezo wa nunchi. Nunchi ni neno la Kikorea la ule uwezo wa kusoma hewa ya mahali: kujua nani amekasirika, nani anataka kuongea, na wakati gani unyamaze, bila kuambiwa. Katika mchezo huu mtu anainuka na kutaja "moja", mwingine anainuka na "mbili", na kuendelea. Wakiinuka wawili pamoja, wameshindwa. Na yule anayebaki wa mwisho bila kutaja namba naye ameshindwa. Hapo ndipo utamu ulipo: ukikurupuka umeumia, ukizembea umeumia vilevile.

Mwingine unaitwa tatu-sita-tisa. Mnahesabu kwa zamu, lakini namba yoyote yenye tarakimu ya 3, 6 au 9 haitajwi, inapigiwa kofi. Kwa hiyo mnasema moja, mbili, kofi, nne, tano, kofi. Mkifika 33 au 36 ni makofi mawili. Kuanzia 30 mpaka 39 hakuna anayetaja kitu, ni makofi tu, na hapo ndipo watu huvurugwa.

Waingereza nao wana wa kwao unaofanana, ambao walimu huutumia kufundishia kugawanya. Vigawe vya 3 vinapewa neno moja, vigawe vya 5 neno jingine, na namba kama 15 inapewa yote mawili. (Mnaikumbuka KDS ya shule ya msingi? Ndiyo hiyo hiyo imerudi.) Cha kuchekesha ni kwamba mchezo huu wa watoto umekuwa swali maarufu kwenye usaili wa kazi za kompyuta: mwombaji anaambiwa aandike programu ya kuucheza kuanzia 1 mpaka 100. Kwa hiyo kama mchumba wako anaomba kazi ya kutengeneza programu, mcheze naye. Siyo utoto, ni maandalizi.

YULE ANAYESHINDA KILA SIKU

Sasa nikupe siri moja, lakini uitumie kwa akili.

Kuna mchezo wa watu wawili unaoitwa 21. Mnahesabu kwa kupokezana. Kila mmoja, zamu yake ikifika, anataja namba moja, mbili au tatu mfululizo. Ukianza na "moja, mbili", mwenzako anaweza kusema "tatu" peke yake, au "tatu, nne", au "tatu, nne, tano". Anayelazimika kutaja 21 ameshindwa. Wakorea wanao pia wa kuishia 31, na wameuita kwa jina la kampuni ya aiskrimu ya Kimarekani, Baskin Robbins, ambayo nembo yake ina namba 31.

Siri ya 21 ni hii: mwache mwenzako aanze. Kisha hakikisha kila unapomaliza zamu yako umeishia kwenye 4, 8, 12, 16 na 20. Akitaja moja, wewe taja tatu. Akitaja mbili, taja mbili. Akitaja tatu, taja moja. Ukiishia 20, yeye hana pa kwenda isipokuwa 21. Hatakushinda hata mkikesha.

Mchezo huu ni ndugu wa mwingine uitwao Nim, wa kuondoa vijiti kwenye mafungu. Mwaka 1901 mwanahisabati Charles Bouton wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, ndiye aliyeupa jina hilo na kuonyesha kanuni yake yote. Miaka 60 baadaye, mwaka 1961, ukaingia kwenye sinema ya Kifaransa iitwayo L'Année dernière à Marienbad ya mwongozaji Alain Resnais. Ndani yake kuna bwana mmoja mrefu, mkavu wa uso, anayewaalika wageni wa hoteli wacheze naye. Anawashinda wote. Ukimtazama usoni huoni furaha yoyote ya ushindi.

Na hilo ndilo ninalotaka ulishike. Ukimfunga mwenzako mara ya kwanza, mtacheka. Mara ya tatu atakuna kichwa. Mara ya saba atasema "mimi nimechoka," na atakuwa na haki. Mchezo ambao mmoja anajua kanuni na mwingine hajui siyo mchezo tena, ni kuoneana. Nyumba nyingi zinaishi hivyo. Mmoja anajua kanuni ya kushinda kila mabishano: akinuna siku mbili ataombwa msamaha, akilia ataachiwa, akitaja mahari au akitaja kodi ya nyumba mwenzake atanyamaza. Anashinda kila siku, na kila siku anabaki amekaa kama yule bwana wa kwenye sinema.

Kwa hiyo mfunge mwenzako mara tatu, ufurahi, kisha mfundishe siri. Mkishaijua wote, hamieni 31 na mwambie aitafute kanuni yake mwenyewe. (Wewe ukikwama: 2, 6, 10, na kuendelea hivyo kwa nne nne mpaka 30.)

NAMBA ZETU NAZO ZINA MAMBO

Usidhani kuhesabu kwa mchezo ni mambo ya Wakorea na Wafaransa. Kiswahili chenyewe kimejaa hesabu za kuchezea. Siku zetu tunazihesabu baada ya Ijumaa: Jumamosi ni mosi, Jumapili ni pili, hivyo hivyo mpaka Jumatano. Saa zetu tunazihesabu kuanzia alfajiri, ndiyo maana mgeni ukimwambia mkutane saa mbili asubuhi anaweza kuja saa nane usiku, wewe umeshalala usingizi wa pili.

Na namba zenyewe zina wenyeji na wageni. Moja, mbili, tatu, nne, tano, nane na kumi ni za Kibantu. Sita, saba na tisa tulizipata kwa Waarabu. Kabla yake tisa ilikuwa kenda, na mpaka leo wako wazee wanaoitumia. Sita ilikuwa tandatu. Na saba je? Saba ilikuwa fungate.

Ndiyo, fungate hiyo hiyo unayoisikia kila harusi! Fungate ni siku saba za maharusi kupumzika baada ya harusi. Watu wanaposema "wameenda fungate Zanzibar", wanataja namba bila kujua. Yaani mwanzo kabisa wa ndoa tumeuita kwa hesabu.

Kutokana na hilo, sisi hapa ofisini tumejitungia mchezo wetu tunaouita "wageni". Mnahesabu kwa zamu mpaka 19. Namba ya Kibantu itaje, namba yenye neno la Kiarabu ipigie kofi. Moja, mbili, tatu, nne, tano, kofi, kofi, nane, kofi, kumi. Ukikosea unanunua maandazi ya chai ya asubuhi. Mpaka sasa nane ndiyo inayotumaliza. Ukishapiga makofi mawili, mkono hautaki kusimama.

KUHESABU NA KUHESABIANA

Sasa turudi kwa dada yetu wa daftari, maana hapo ndipo penye somo.

Katika bao la Kiswahili, lenye mashimo 32 na kete 64, mchezaji mzuri anahesabu kimya kimya. Anatazama kete za mwenzake, anapiga hesabu ataangukia wapi, uso haumwonyeshi kitu. Hiyo ni haki yake, kwa sababu aliyekaa mbele yake ni mpinzani, na ubao ukifungwa kila mmoja anarudi kwake.

Tatizo ni pale tunapoihamishia hesabu ya bao kwenye kitanda kimoja. Mimi nimekupigia mara nne, wewe mara moja. Ndugu zako wamekuja mara tatu mwaka huu, wangu hata mara moja. Mimi nimeamka na mtoto usiku wa Jumatatu, Jumanne na Jumatano. Enzi za kubipu tulihesabiana mpaka nani kambipu nani. Siku hizi tunahesabiana dakika ambazo ujumbe umesomwa bila kujibiwa. Hesabu hii hatuisemi. Tunaiweka moyoni, inaongezeka riba, na siku ikilipuka inatoka kama masimango: "Tangu nikuoe nimekufanyia hiki na hiki na hiki!" Mwenzako anabaki ameduwaa, kwa sababu hata hiyo "moja" hakuisikia ikitajwa.

Lakini tusidanganyane upande wa pili pia. Wako wanaosema "mapenzi hayana hesabu". Chunguza vizuri anayesema hivyo mara nyingi ni nani. Mara nyingi ni yule asiyeosha vyombo, asiyejua ada ya mtoto ni kiasi gani, asiyekumbuka mara ya mwisho alipomsalimia mama mkwe. Kwake kutohesabu kuna faida! Aliyechoka ndiye anayehesabu, na hahesabu kwa ubaya, anahesabu kwa sababu anaumia.

Kwa hiyo mimi sikuambii uache kuhesabu. Nakuambia uhesabu kwa sauti, na mwenzako awepo. Tofauti ya kuhesabu na kuhesabiana ni hiyo tu. Kwenye ule mchezo wa ishirini, namba siyo mali ya mtu. Hakuna anayesema "nimetaja sita, wewe umetaja mbili". Mkifika mmefika wote, mkiungua mmeungua wote, na anayekosea hafukuzwi kwenye duara. Mnacheka, mnasema "moja".

Yule dada alimsomea mchumba wake daftari lote, kuanzia moja mpaka kumi na nne. Haikuwa jioni tamu. Kwa mengine jamaa alijitetea, mengine alikuwa hayakumbuki, na kwa lile la kiwanja walilazimika kuwaita wazee. Harusi ilisogezwa mbele, watu wakasema waliyosema. Ilifanyika baadaye, na mwenyekiti wa kamati alikuwa amebadilishwa. Nilipomuuliza dada kuhusu daftari alisema bado lipo, ila sasa wanaandika wote wawili, na kurasa nyingi ni za matumizi ya mwezi.

JINSI YA KUCHEZA WAWILI

Mkiwa wawili tu, mchezo wa ishirini unahitaji kubadilishwa kidogo, la sivyo mtapokezana tu kama watoto wa chekechea. Fanyeni hivi:

Kwanza, zimeni simu. Siyo kuzigeuza kifudifudi, kuzima.

Pili, kaeni mmepeana migongo. Macho yana udanganyifu mwingi, na wengine wanajua kuyatumia.

Tatu, mtu mmoja anaruhusiwa kutaja namba mbili mfululizo, lakini siyo tatu. Msipokezane kwa mpangilio. Mmoja akihisi mwenzake anataka kuongea, amwachie.

Nne, mkigongana, hakuna kuuliza "kwa nini umesema?" Anayelaumu anapika kesho.

Tano, mkimaliza, kila mmoja ataje namba moja halisi ya nyumba yenu ambayo amekuwa akiihesabu peke yake. Inaweza kuwa idadi ya siku ambazo hamjala pamoja, au kiasi cha deni ambalo hajakutajia, au miezi ambayo hamjatoka wawili. Mwenzake asijibu usiku huo. Asikilize tu, aende nayo kitandani.

Hilo la tano ni gumu kuliko ishirini zote, nakuonya. Ikiwa mnaona ni mapema, anzeni na fungate. Saba tu, migongo imegusana, taa mnaweza kuzima. Mkigongana kwenye tatu, msijali. Moja bado ipo pale pale, na yeyote kati yenu anaweza kuisema.